Kwa nini kila ofisi ya Marekani inakwambia "si sisi"

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa, sasa niko Columbus, Ohio, mwaka wa nne. Ombi la mke wangu lilipitishwa na USCIS, ofisi ya uhamiaji, mwaka jana. Baadaye nikaambiwa faili limekwenda New Hampshire, kisha Nairobi. Nikipiga simu USCIS wanasema si sisi, uliza ubalozi. Ubalozi unasema subiri. Social Security, ile ya hifadhi ya jamii, ni ofisi nyingine, kodi ofisi nyingine, leseni ya gari nyingine, na hakuna inayomjua mwenzake. Hivi hii si serikali moja? Na huyo Rais wao tunayeambiwa ana nguvu kuliko wote duniani, hawezi kuamuru mambo haya yawe chini ya paa moja?"

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu. Jibu fupi ni kwamba serikali hiyo si moja kwa namna unavyoifikiria, na kwamba Rais hawezi. Kila ofisi uliyoitaja ilizaliwa kwa sheria yake, katika mwaka wake, kwa dharura yake, na Bunge likaipa kazi yake na fungu lake. Hakuna siku watu walikaa wakaichora serikali kuu ya Marekani kama ilivyo leo.

Tuondoe kwanza leseni ya gari. Hiyo ni kazi ya jimbo la Ohio, na Rais hana mkono wowote pale. Yule karani wa leseni bosi wake wa mwisho ni gavana. Kodi nayo ina pande mbili: unalipa IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, ambayo mizizi yake ni mwaka 1862, Lincoln alipohitaji fedha za vita, na unalipa pia jimbo na jiji. Hayo hayana fumbo. Fumbo liko kwenye faili la mke wako, kwa sababu pale ofisi zote ni za serikali kuu na bado zinasukumiana.

Katiba ya 1787 haiundi wizara hata moja. Inagusia "idara za utendaji" kwa kupita tu, inasema Rais atateua wakuu wake kwa idhini ya Seneti, basi. Kujaza pengo hilo kuliachiwa Bunge, na Bunge la kwanza, likiwa limekutana New York mwaka 1789, likaunda wizara tatu: Mambo ya Nje, Vita na Hazina. Mwanasheria Mkuu alikuwepo lakini hakuwa na wizara. Alilipwa dola 1,500 kwa mwaka na kuachiwa aendelee na kazi zake za uwakili ili ajikimu. Wizara ya Sheria ilisubiri mpaka 1870. Na ile ya Mambo ya Nje haikutimiza hata miezi miwili kabla ya kutwikwa kazi za nyumbani: kutunza Mhuri Mkuu na kumbukumbu za sheria, na punde baadaye kusimamia sensa ya 1790. Mtindo ulianzia hapo. Kazi mpya ikizuka, inabandikwa kwenye ofisi iliyo karibu yenye watu.

Sasa tuifuate ofisi ya uhamiaji yenyewe, maana safari yake inaeleza kuliko chati yoyote.

Kwa karibu miaka mia moja ya mwanzo serikali kuu haikuwa nayo. Waliotelemka melini New York walipokewa na maofisa wa jimbo katika kituo cha Castle Garden, kuanzia 1855. Mwaka 1876 Mahakama ya Juu ikayakataza majimbo kutoza ada za abiria hao, na mzigo ukaanza kuelekea Washington. Mwaka 1882 Bunge likaweka ushuru wa senti 50 kwa kila mgeni anayeshuka, na mwaka huohuo likapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina. Mwaka 1891 ikaundwa ofisi ya msimamizi wa uhamiaji, ikawekwa Wizara ya Hazina. Kwa nini Hazina? Kwa sababu Hazina ndiyo tayari ilikuwa na watu bandarini, maofisa wa forodha. Ofisi hiyo mpya ndiyo iliyofungua Ellis Island, kituo cha kupokelea wageni New York, Januari 1892.

Mwaka 1903 ikahamishiwa wizara mpya ya Biashara na Kazi. Mwaka 1913 wizara hiyo ikapasuliwa mbili na uhamiaji ukabaki upande wa Kazi, kwa kuwa wakati ule mgeni alihesabiwa kama mtu anayekuja kushusha mishahara ya wenyeji. Juni 1940, mwezi Paris ilipoanguka mikononi mwa Wajerumani, Franklin Roosevelt akaihamishia Wizara ya Sheria, kwa kuwa sasa mgeni alihesabiwa kama anayeweza kuwa jasusi. Kisha yakaja mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Machi 1, 2003 ofisi ile ikavunjwa vipande vitatu na vyote vikaingizwa kwenye Wizara ya Usalama wa Ndani: USCIS ya kupokea maombi kama lako, CBP ya mipakani na viwanja vya ndege, na ICE ya kukamata na kufukuza. Ukitaka kujua Wamarekani walimwogopa mgeni kwa sababu gani katika kipindi fulani, tazama tu ofisi yake ilikuwa wizara gani.

Viza haikuwamo katika safari hiyo. Sheria ya 1924, ile iliyoweka viwango vya wahamiaji kwa kila nchi, ilitaka mtu akaguliwe na konseli, yule ofisa wa ubalozi anayetoa viza, huko kwao kabla hajapanda meli, na makonseli ni watu wa Wizara ya Mambo ya Nje. Sheria ya 1952 ikakaza zaidi: inampa Waziri wa Mambo ya Nje mamlaka juu ya mambo mengi ya uhamiaji, isipokuwa uamuzi wa kumpa au kumnyima mtu viza, ambao ni wa konseli mwenyewe. Yaani waziri anaweza kumwandikia miongozo na kumhamisha kituo, lakini si yeye anayeamua faili la mke wako. Mahakama nazo kwa kawaida hukataa kulipitia upya, na Mahakama ya Juu ilirudia msimamo huo mwaka 2024. Mwaka 2002, Wizara ya Usalama wa Ndani ilipoundwa, walikuwepo waliotaka viza zihamishiwe huko. Wakapatana katikati: wizara mpya ipewe sauti juu ya sera ya viza, makonseli wabaki walipo. Kwa hiyo yule wa USCIS anaposema "si sisi" hakudanganyi. Anataja mpaka uliowekwa na sheria. Laiti angeueleza.

Swali lako la pili ndilo linalonivutia zaidi, kuhusu Rais na paa moja. Zamani aliweza, kwa kiasi. Roosevelt alipoihamisha ofisi ya uhamiaji mwaka 1940 hakuanza na sheria mpya, kwani mwaka uliotangulia Bunge lilikuwa limemwazima uwezo wa kupanga upya ofisi. Alipeleka mpango bungeni. Kwa kawaida mpango kama huo ulipata nguvu ya sheria kama mabaraza yote mawili, Seneti na Wawakilishi, hayakuukataa ndani ya siku 60, na huu wa uhamiaji Bunge lenyewe liliuharakisha kwa azimio. Marais waliofuata waliazimwa uwezo wa aina hiyo mara kwa mara, na Bunge likabaki na kisu cha kura ya kukataa.

Kisu hicho kilivunjwa na mtu aliyezaliwa Kenya na kusomea Ohio.

Jagdish Rai Chadha alizaliwa Kenya kwa wazazi Wahindi, akawa na pasipoti ya Uingereza. Alifika Marekani mwaka 1966 kwa viza ya mwanafunzi, akasoma Bowling Green State University, si mbali sana na hapo ulipo. Viza ilipokwisha mwaka 1972 hakuwa na pa kurudi: Kenya huru haikumtambua kuwa raia wake, na Uingereza ilikuwa imeshawafungia mlango wenye pasipoti za aina yake. Akaitwa kujieleza kwa nini asifukuzwe. Mwaka 1974 hakimu wa uhamiaji akaamua kwamba angepata dhiki kubwa na akasimamisha kufukuzwa kwake. Kesi ingeishia hapo, lakini sheria ya 1952 iliruhusu baraza moja tu la Bunge kufuta uamuzi kama huo. Desemba 1975, katika orodha ya watu 340 waliokuwa wamepewa ahueni, kamati ya Baraza la Wawakilishi ikawachagua sita, Chadha akiwa mmoja wao, na baraza likapitisha azimio la kuwakataa bila mjadala na bila kura kuhesabiwa. Wajumbe hawakuwa hata na nakala iliyochapishwa ya azimio lenyewe.

Chadha akaenda mahakamani, na mwaka 1983 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba Bunge haliwezi kuamua jambo kwa njia hiyo. Likitaka kubadilisha haki za mtu, sharti mabaraza yote mawili yapitishe na Rais apelekewe atie saini, kama sheria yoyote nyingine. Mmoja wa majaji waliopinga, Byron White, alilalamika kwamba uamuzi ule unabomoa vifungu vya sheria karibu 200 vyenye kisu cha namna hiyo. Yeye Chadha alibaki Marekani na hatimaye akawa raia.

Tazama sasa matokeo yaliyomfikia Rais. Bunge lilikuwa tayari kumwazima uwezo wa kupanga ofisi kwa sababu tu lilikuwa na njia rahisi ya kumzuia. Njia ilipofungwa, likataka mpango wowote upitishwe kama sheria kamili, na mwisho wa 1984 likauacha uwezo wenyewe uishe muda wake. Barack Obama aliomba urudishwe mwaka 2012 ili aunganishe ofisi zinazohusika na biashara. Hakupewa. Ndiyo maana Wizara ya Usalama wa Ndani, iliyokusanya ofisi 22, ilihitaji sheria nzima, na ilipita kwa sababu nchi ilikuwa bado katika mshtuko.

Pia Bunge halina hamu. Kila ofisi ina kamati zake bungeni, na mwenyekiti wa kamati hapendi kunyang'anywa ofisi anayoisimamia. Tume iliyochunguza mashambulizi ya 2001 iliandika kwamba viongozi wa Wizara ya Usalama wa Ndani walikuwa wanawajibika mbele ya kamati na kamati ndogo 88. Ofisi ziliunganishwa, waangalizi wakabaki walewale. Watu wakilaumu urasimu wa Washington huwa wanawalaumu makarani, na mimi naona lawama kubwa ni ya hao wenyeviti.

Utasema: basi kama hawezi kuzihamisha ofisi, si awafukuze wanaochelewesha? Hapo tuna historia nyingine, na ina damu ndani yake.

Kuanzia enzi za Andrew Jackson, aliyeingia madarakani 1829, kazi za serikali zilihesabiwa kuwa nyara za chama kilichoshinda. Posta ilikuwa ndiyo kila kitu: mwaka 1831 zaidi ya robo tatu ya watumishi wa kiraia wa serikali kuu walikuwa wa posta, na kila mkuu wa posta ya kijijini alikuwa mtu wa chama. Lakini penye fedha hasa palikuwa nyumba ya forodha ya New York. Samuel Swartwout, aliyewekwa pale na Jackson, alikwenda zake Ulaya mwaka 1838, na hesabu zilipokaguliwa zilipungua zaidi ya dola milioni moja za wakati ule. Mfumo haukubadilika hata baada ya hapo.

Uliobadilisha ni mkasa wa 1881. Charles Guiteau, aliyejiaminisha kwamba hotuba yake ndiyo iliyomshindisha James Garfield, alizunguka ofisi za Washington akidai ubalozi mdogo wa Paris. Aliponyimwa akampiga Rais risasi katika kituo cha treni Julai 2, na Garfield akafa Septemba 19. Aliyerithi kiti ni Chester Arthur, ambaye kwa miaka ya 1870 alikuwa mkuu wa ileile forodha ya New York na kuondolewa na Rais Hayes katika vita dhidi ya upendeleo wa vyama. Hakuna aliyemtarajia. Lakini Januari 1883 Arthur ndiye aliyetia saini Sheria ya Pendleton: watu waajiriwe kwa mitihani, na wasifukuzwe kwa kukataa kukichangia chama. Mwanzoni iligusa kama kazi moja tu katika kumi. Ikatambaa polepole kwa njia ya ujanja: kila Rais aliyekuwa anaondoka aliziingiza kazi za watu wake ndani ya ulinzi wa sheria ili Rais ajaye asiwatoe. Kila mmoja alijilinda, na jumla yake ikawa utumishi wa umma wa kudumu. Mimi napenda sana sehemu hii, kwa sababu haina shujaa.

Leo Rais hubadilisha watu kama 4,000 wa kisiasa, ambao kama 1,200 au 1,300 kati yao wanahitaji idhini ya Seneti. Waliobaki, milioni mbili na ushei ukiacha posta, ni watumishi wa kudumu, na zaidi ya wanne kati ya watano hawafanyi kazi Washington wala jirani yake. Idadi hiyo haikupanda sana tangu 1970, nchi ilipokuwa na watu milioni 203, na sasa ina zaidi ya milioni 330. Serikali ilikua kwa fedha na kwa kanuni, na kazi nyingi zikakabidhiwa majimbo na makandarasi. Hata pale New Hampshire, kituo cha viza cha Portsmouth, ambacho kiko kwenye eneo lililokuwa kambi ya jeshi la anga, wengi wanaopanga mafaili ni waajiriwa wa kandarasi.

Kuna pia tabaka la tatu, zile tume huru. Mwaka 1933 Roosevelt alimfukuza William Humphrey wa Tume ya Biashara, kwa kuwa hawakuelewana kisiasa. Humphrey alifariki mwaka uliofuata, msimamizi wa mirathi akadai mshahara, na mwaka 1935 Mahakama ya Juu ikasema sheria ya tume ile inataka sababu maalum ya kumfukuza kamishna: uzembe, kutofanya kazi au utovu wa maadili. Benki kuu imejengwa kwa wazo hilohilo, magavana wake wakiwa na vipindi vya miaka 14. Kwa miaka ya karibuni ulinzi huo unamomonyoka. Mwaka 2020 mahakama iliuondoa kwa wakala anayeongozwa na mtu mmoja, na kwa hoja hiyo mwaka 2021 Joe Biden akamfukuza kamishna wa Social Security. Mwaka 2025 Donald Trump alimfukuza kamishna wa tume ileile ya Humphrey, na Desemba mwaka huo majaji wakaisikiliza kesi hiyo. Mwaka huohuo watumishi zaidi ya laki mbili waliondoka au kuondolewa, na USAID, shirika la misaada lililozoeleka sana kwetu Afrika Mashariki, ikafungwa na mabaki ya kazi zake kuingizwa Wizara ya Mambo ya Nje. Kwa hiyo niliposema Rais hawezi, elewa kwamba mpaka wa asichoweza umekuwa ukigombaniwa mahakamani. Hata hivyo, ni rahisi zaidi kwake kupunguza watu kuliko kuunganisha kazi, na kupunguza watu hakufupishi foleni yako.

Kwa upande wako wa vitendo. USCIS inaendeshwa karibu yote kwa ada mnazolipa, siyo bajeti, na ndiyo maana haikufunga milango serikali iliposimama siku 35 mwaka 2018 hadi 2019, wala ilipokaa siku 43 mwaka 2025. Lakini faili lako limeshatoka kwao. Usiwapigie tena. Namba ya risiti yao, ile ya herufi tatu na tarakimu kumi, si ya kufuatilia viza. Kituo cha Portsmouth kilikupa namba mpya, na kwa Nairobi huanza na NRB. Hiyo ndiyo ya kutazamia hali ya viza kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje na ya kuandika juu ya kila barua pepe kwa ubalozi.

Kama miezi inapita bila jibu, mwandikie mbunge wa wilaya yako ya Columbus. Huhitaji kuwa raia wala kupiga kura, inatosha kuishi katika wilaya yake. Ofisi zao zina watumishi wa kushughulikia kesi za wananchi na wakazi, utajaza fomu ya kuwaruhusu kuulizia faili, na ubalozi utawajibu wao. Hawawezi kumwamuru konseli atoe viza. Wanaweza kujua faili limekwama wapi, na mara nyingi hilo ndilo unalolikosa. Ofisi zote hizi hupewa uhai na Bunge, na zinajua.

Jambo la mwisho, mwambie mke wako: katika fomu ya DS-260, ile ya kuombea viza ya uhamiaji, kuna swali kama anataka apewe namba ya Social Security. Ajibu ndiyo, na akubali taarifa zake zipelekwe huko. Mambo ya Nje watazipeleka Usalama wa Ndani, nao watazipeleka Social Security, na kadi itamfikia kwa posta baada ya kuingia nchini, bila yeye kupanga foleni. Ada ya kutengenezewa grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, ni nyingine, inalipwa USCIS baada ya viza kutoka, na ni vizuri ailipe kabla hajapanda ndege.